Fomu Iliyongoja Fungate

Mume wangu mpenzi,

Basi hapana, sikukasirika, na hilo uliloniuliza mara mbili katika barua yako nalijibu kwanza ili upate usingizi. Nimekasirikia nafsi yangu tu. Wewe siku ile ulitaka kutoka, na mimi ndiye niliyekushika kanzu.

Ilikuwa siku ya tatu ya fungate yetu. Wewe huna ruhusa ya kuvuka kizingiti mpaka siku saba zitimie, mimi nina hina mpaka viwiko, na Bi Riziki, somo yangu aliyenifunda, anatuletea maji ya kuoga, chakula na maneno yake. Akaingia na bahasha ya chuo chenu cha Nairobi, ameishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyevunda.

"Hii inanuka kazi," akasema. "Na humu ndani, bwana harusi, kazi ni moja."

Ukajifunika uso kwa mto. Mhandisi mzima, ukajifunika uso kwa mto, nami nikacheka mpaka kifua kikaniuma.

Ilikuwa fomu ya masomo ya kuchagua. Yale ya lazima ya uhandisi wa mitambo mlikwisha pangiwa, hili moja la mwaka wa mwisho mlichague wenyewe. Mimi na sekondari yangu nilidhani Kiingereza nakijua, lakini karatasi ile ilinishinda, ukanisomea tumelala kifudifudi, vichwa vimegusana. Mitambo ya baridi, ukasema, ni ya kugandishia barafu. Nikakuambia chukua hiyo, Tanga kuna joto. Injini za meli nikazikataa, utakuwa baharini siku zote. Mitambo ya migodi ukaipita haraka: "Hiyo ya watu wa mbali." Ulipofika mitambo ya mashamba sauti yako ikabadilika. Ukanieleza korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi, ukinionyesha kwa viganja vyako na foronya yetu mpya. Ukasema inawakata watu mikono, na kwamba wewe una wazo la kuiwekea kinga. Nilikuwa nimeolewa siku tatu, mpenzi wangu, lakini pale ndipo nilipokupenda.

Na somo hilo ndilo lililokuwa nyumba yetu. Meneja wa shamba la mkonge njia ya Pangani alikwisha kuambia ulisome, uje ufanye mazoezi kwake, nyumba ipo. Tukapanga kitanda kikae upande wa upepo. Ukatia alama, ukasaini, ukaamka kuvaa uende posta.

Bi Riziki akasimama mlangoni. "Bwana harusi aonekane njiani siku ya tatu? Watu watasema mke kamshinda."

"Basi apelekwe mtu, bibi."

"Kitu cha maharusi hakitoki chumbani kabla ya siku ya saba."

Ukanitazama mimi, niamue. Nilikuwa nimeiona tarehe ya mwisho pale chini ya karatasi, nayo haikuwa mbali. Nikakushika kanzu nikasema, "Siku nne tu. Chuo kitakimbilia wapi?" Ukaiweka fomu chini ya godoro. Sikutaka kitu chochote cha dunia kiingie wala kitoke mle ndani. Nilikuwa na furaha mno, huo ndio ukweli wote.

Sasa unaniandikia kwamba fomu ilifika nafasi zimekwisha jaa, wamekutia palipobaki. Migodi. Na mazoezi ya migodi ni Rodesia ya Kaskazini, kwenye shaba, miaka miwili, na wake hawapokelewi.

Nilipoipata barua yako nilikwenda Raskazone kwa mwalimu wangu wa zamani, akaandika ombi zuri kwa mkuu wa chuo. Jibu limekuja jana, mistari mitatu: orodha imefungwa. "Mwanangu," mwalimu akaniambia, "hawa wakishapiga chapa hawafuti." Nikapanda basi la Pangani, nishuke pale shambani nimwombe meneja atungojee. Sikushuka. Nyumba inaonekana barabarani, na madirisha yake yana mapazia ya mtu mwingine.

Jioni Bi Riziki akaja kunipa pole. Akakaa mkekani.

"Ungeniambia karatasi ile ni maisha yenu," akasema, "ningeipeleka posta mwenyewe, na desturi ingenisamehe. Mimi nilidhani ni mambo ya shule."

"Mimi nilijua, somo yangu."

Akanitazama, kisha akajifunga buibui lake akaenda zake.

Unasema miaka miwili si mingi. Lakini ni wewe uliyeniandikia kwamba waliotangulia kule wamepewa mikataba na hakuna aliyerudi. Sitakudanganya kwamba nina tumaini, nimelitafuta sina. Nina mapenzi tu, nayo ni mengi hata yananitia aibu. Nakivaa kikoi chako nikipika. Mama anajifanya haoni. Nikisikia mtu anakohoa barazani nainuka kabla sijafikiri, na nikishainuka sijui nikae wapi.

Mjomba Omari amekubali kunisindikiza kwa treni, tupite Kahe na Voi mpaka huko Nairobi. Usimwambie mkuu wako kwamba nakuja, sitamwomba kitu. Nataka unifungulie hicho kitabu cha migodi unionyeshe utashuka chini kiasi gani, na ni nini kinachozuia juu pasianguke, nipate kujua pa kukuwazia. Usinipunguzie chochote. Kabla mwezi huu haujaisha utaniona mlangoni pako.

Wako, niliyekuchelewesha,
Mkeo