Ukifika ku Kona, Piga Filimbi

Tata Plamedi wangu,

Mi na mutoto wetu Plamedi tuko muzima. Nasema ile mbele, juu najua unaanzaka kusoma na woga. Kamio, ile lori ya mapolisi benzako, inaenda kesho asubui kukamata nafasi ya bale bamechoka, na chef wabo amekubali kubeba hii karatasi. Huko kwenu réseau ya telefone inakuya na kupotea, na kuna jambo moja sitaki likatike katikati.

Unakumbuka namna tulijuana? Nilikuwa na besani ya mikate ku kichwa, pale rond-point ya Dilala, barabara zote zinakutana, na hakuna motard na pikipiki yake alikuwa anataka kuniachia njia. We, polisi wa barabara, ukapiga filimbi: mbili fupi, moja murefu. Bote bakasimama. Mumoja akalalamika, "Chef, huyu njo bibi yako?" Hukucheka hata kidogo. Ukamujibu, "Bado." Nilivuka mbio, karibu mikate yote ianguke.

Kisha ukanioa, ukanileta hapa Kapata mu nyumba ya baba yako, na filimbi ikakuya nayo. Kila mangaribi, ukishuka ku pikipiki pale kona ya mustari wetu wa nyumba, ulikuwa unaipiga vile vile, mbili fupi, moja murefu, nipate kuweka maji ya kusonga bukari ku jiko. Mimba ikakuwa kubwa, na mutoto akaanza kuruka akiisikia. Ulikuwa unaweka mukono ku tumbo yangu unasema, "Huyu anaheshimu sheria kupita ba motard."

Akazaliwa, na alikuwa hajakaza hata shingo siku bakubwa ba polisi balikuita. Maji ya ziwa ilipanda kule mbali, ikaingia mu manyumba ya batu, na bakatafuta mapolisi ba hapa kwetu baende kusaidia. Mama Kapinga, jirani yetu, unamujua mudomo yake, akasimama ku mulango: "Polisi wa roulage! Ataongoza nini kule, samaki?" Tulicheka sote. Lakini usiku ulimuangalia mutoto amelala, ukasema pole pole, "Siku nitarudia, atanililia sawa mi ni mugeni." Nikakuambia, "Enda. Batu ba kule nabo beko na batoto." Nilisema na nguvu, lakini ile neno yako ilibaki mu roho yangu. Nikimuogesha, nayifikiria. Alipotoa jino ya kwanza, nikaifikiria tena.

Ile siku ulitupigia na telefone ya chef wenu, ukasema unaongoza mapirogue, ile mitumbwi ya kubeba batu, na kwamba moja ulisimamisha na mukono, nilipeleka habari mbio kwa mama Kapinga. Akajipiga ku mapaja: "Pirogue haina frein ya kuisimamisha! Na ilisimama?" Nikasema ilisimama. Tangu pale anakuita "chef wa maji", na ku kanisa anakuombea mbele ya kuombea batoto bake mwenyewe.

Sasa sikia ile nilitaka kukuambia. Nilienda Dilala na mutoto ku mugongo. Nafasi yako bameweka kijana mumoja mupya. Ba motard balikatala filimbi yake, bakamufundisha ya kwako, juu njo ile bamezoea. Tunafika karibu, anapiga: mbili fupi, moja murefu. Nasikia mutoto anajikaza mu kitenge. Anatoa kichwa, anatoa mikono yote mbili, anamunyooshea ule kijana! Ba motard bakalipuka: "Chef, kumbe uko na mutoto Kapata!" Mwingine: "Angalia ile paji, ni yake kabisa!" Masikini kijana, akasahau hata magari: "Bandugu, mi bado sijaoa!"

Nilicheka mupaka machozi. Lakini mutoto hakucheka. Alimuangalia ule kijana mu uso, pole pole, kisha mudomo yake ikashuka, akamuacha. Akaanza kuangalia barabara nyuma yake, huku na huku. Tata Plamedi, alikuwa anakutafuta. Mutoto wako hajasahau. Uso yako pengine haijui sana, sitakudanganya. Lakini anajua kama kuna mutu fulani anakuyaka nyuma ya ile sauti, na anamungojea.

Tangu ile siku nalala muzuri. Nawe ulale muzuri. Fanya kazi ya bale batu mupaka iishe, usiwaze nyumba.

Siku ya kurudia, usiache kamio ikulete mupaka ku mulango. Shuka ku kona. Usiite jina yangu, usipige hodi. Piga filimbi. Akikuona akalia kidogo, usivunjike roho, rudi ku kona upige tena, hata kama mama Kapinga atatucheka wiki muzima.

Mi nitakuwa nimeisha kuweka maji ku jiko.

Ni mi, mama wa Plamedi, bibi yako wa rond-point