Nilifuta Kazi ya Mdogo Wangu, Sasa Naulizwa Kama Aondolewe

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni kazini, maana hapa ndipo mahali pekee ambapo mdogo wangu hayupo, na naomba unisaidie kabla sijatoa jibu ambalo naogopa nitalitoa.

Ofisi yetu ni ndogo, tunatengeneza mfumo wa miadi ya wagonjwa kwa ajili ya zahanati, na kwa miaka bila mimi mambo hayakwenda, usinicheke, kwa sababu kodi yote tuliyoandika, si ya serikali, nasema yale maandishi yanayoendesha programu, ilikaa kwenye flashi na flashi ilikaa kwangu. Mtu akitaka toleo jipya alikuja mezani kwangu akaomba, nikapekua mafolda yangu, "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho hii ndiyo yenyewe", nikampa, hata bosi alisimama pale akisubiri, wakaniita Mama Flashi nami nikajifanya jina silipendi. Halafu nikamleta mdogo wangu wa tumbo moja, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika kodi kwenye meza ya jikoni, mimi ndiye niliyemwombea nafasi ya majaribio, na wiki yake ya kwanza tu akauliza mbele ya watu, kwa upole wake ule unaoniudhi, "Dada, hivi hapa hamtumii Git?"

Kama huijui, Git ni programu inayotunza kila hatua ya kodi, kila mtu anafanya kazi kwenye kompyuta yake, akimaliza anaisukuma kwenye ghala la pamoja mtandaoni, ila kabla ya kusukuma anavuta kwanza walichoweka wenzake. Mdogo wangu akaandika amri zake ubaoni, wote wakanakili, flashi yangu ikaingia kwenye droo pamoja na pini na chaja mbovu, na sasa yeye ndiye Mwalimu, Mwalimu njoo huku, Mwalimu hapa imegoma, hata mama akipiga simu ananiuliza mimi Mwalimu hajambo. Shangazi, nina wivu, nikimwona anacheka na bosi nabeba sahani yangu nikalie mbali, na inaniuma zaidi kwa sababu hajanifanyia ubaya wowote, angekuwa na maringo ningepata nafuu.

Nilikataa kufundishwa naye. Nikajifanya naijua Git tangu zamani, kumbe najifunza kwa siri kwenye video, na juzi nikataka kusukuma kazi yangu mashine ikakataa, ikasema kule ghalani kuna kazi ya mwenzangu ambayo sijaivuta, naye mwenyewe amekaa meza ya pili, ningemgusa bega tu, lakini kumwita yeye, bora nife. Nikakumbuka kuna neno la kulazimisha, ukiliongeza kwenye amri inapita, yule wa kwenye video alikuwa ameanza kuonya kitu ila mimi nilisharusha mbele, nikaliandika, ikapita. Kurasa zake zote za miadi zikafutika ghalani. Kama nilikosea au nilitaka, sijui. Ninachojua ni kwamba aliposema "jamani, mbona kurasa zangu hazipo", kuna kitu ndani yangu kilifurahi, na hicho ndicho kinachonitisha.

Jioni ile ile alizirudisha, lakini mchana wenye zahanati walikuwa wamekuja kuangalia mfumo, ambao huchota kurasa zake kule ghalani, wakaonyeshwa kurasa tupu, bosi akaaibika. Akamuuliza kumetokea nini, mdogo wangu akasema, "Nisamehe bosi, nitahakikisha haitokei tena," basi. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza tu kama kichwa kimepona, kwa kuwa asubuhi nilisema kinaniuma. Sasa bosi ameniita pembeni: "Majaribio yake yanaisha Ijumaa. Wewe ni mkongwe hapa, na ni dada yake. Niambie ukweli, nimpe mkataba au nimwache aende?" Akiondoka, timu naongoza mimi. Nikisema aende, hakuna atakayejua nilichofanya. Nifanyeje?

Mama Flashi

*

Mama Flashi, toka chooni, wenzako wanasubiri. Nianze na pole, halafu tugombane.

Pole, kwa sababu kumfundisha mtu kwa mikono yako kisha ukamwona anakupita kunauma, na anayesema hakuumi hajawahi kufundisha mtu. Kuona wivu sikulaumu. Nakulaumu kwa kukaa karibu na mwenye jibu ukaona aibu kuuliza, wakati kulazimisha hukuona aibu.

Sasa hilo la "hakuna atakayejua". Mimi kompyuta yangu mwisho wake ni kuandikia hizi barua, kwa hiyo nilimwendea fundi wetu wa mitambo hapa gazetini nikamweleza bila kutaja mtu. Akaniambia ghala kama lenu linaweka kumbukumbu ya nani amesukuma nini, na anayerudisha kazi iliyofutwa namna hiyo huanza kwa kutazama hapo. Haya niambie, mdogo wako alirudishaje kurasa zake bila kukutana na jina lako?

Anajua, mama. Alisimama mbele ya bosi akaomba msamaha kwa kosa lako, huku mkataba wake mwenyewe unaning'inia, kisha akatembea nawe mpaka nyumbani na hakukutia aibu. Wewe upo chooni unapiga hesabu za cheo, mwenzako anakusitiri. Niliposoma pale nilikasirika kweli, nikaweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Ongea naye leo, usingoje Ijumaa. Mwambie ni wewe uliyelazimisha, na mwambie ulikuwa na wivu. Usijifiche nyuma ya "nilikosea amri", sehemu hiyo anaijua kuliko wewe. Ukitoka hapo nenda kwa bosi peke yako, umwambie kosa ni la nani, mkataba apewe, na uongozi huutaki. Atakukasirikia, tena sana, na huenda ukakosa mengine, vumilia. Wala usilie mle ofisini, mtoto wa watu akaacha yake akaanza kukubembeleza. Kisha vuta kiti mezani kwake watu wakiona, akufundishe kuanzia amri ya kwanza.

Jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu. Gazetini litatoka ukishasema.

Jambo moja tu jiandae nalo. Ninavyomwona mdogo wako, ukianza kuungama anaweza kukukatiza akasema, "Dada, hata sijui unaongelea nini." Atakuwa anakufungulia mlango utoke. Usitoke. Kaa hapo, umalize kusema.

Shangazi