Maganda ya Chenza

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Sisi huku tunasukuma siku. Paa la jikoni limezibwa, na fundi cherehani jirani yetu bado anaimba vibaya.

Uliniuliza Mama anavyopika maharage yake. Nilimwuliza Jumapili, akiwa ameketi kitandani. Kwangua weupe wa ndani ya maganda ya chenza, maana ndio wenye uchungu, uyaanike juani mpaka yakatike kama vijiti. Tia kipande kimoja maharage yakikaribia kuiva.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

"Njaa," akasema.

Mwaka ule Baba alipoachishwa kazi kiwandani, Mama alikuwa akifagia kwa muuza juisi sokoni. Maganda yalikuwa yakitupwa, naye akayabeba. "Nyama hamna, mafuta hamna. Nikasema angalau wanangu wasikie harufu nzuri wakiingia ndani."

Nikakumbuka siku uliposukuma sahani ukasema umechoka kulishwa takataka. Sikumkumbusha. Mwenyewe ndiye aliyesema, "Mdogo wako alikuwa hayapendi. Mwambie asitie mengi."

Nimezunguka weee, mdogo wangu, sasa niseme. Mama alifariki Jumatano asubuhi. Simu yako haikupatikana siku mbili, tukamzika. Usijilaumu. Alifurahi mno kusikia umeuliza mapishi yake. Swali lake la mwisho kwangu lilikuwa kama huko uliko machenza yanapatikana. Nilimwambia yanapatikana, ingawa sikujua.

Ni mimi, dada yako.