Kitanda Chetu cha Chuma

Mama yangu, nakusalimu kutoka Kindu, matope yakinifika magotini.

Nyuma ya nyumba yetu ya zamani mafundi wanazuia korongo la mvua lisiile nyumba: wanalaza vyuma virefu, wanamwaga udongo, wanashindilia, kisha wanalaza vingine. Nimewatazama kutwa nikijiuliza chuma kinashikaje udongo. Walipokuwa wakichimba, sururu ikagonga kitanda chetu cha chuma, kile unachosema kiliibwa na askari wakati wa vita.

Jirani yetu Mama Zaina akacheka: “Askari gani? Ni marehemu baba yako njo alikifukia pale mulipokimbia, mvua isibebe nyumba. Yeye alilala kwa mukeka. Alisema mutarudia nyumbani.”

Fundi aliniuliza kama akitoe. Nikakataa.

Nyumba bado imesimama, Mama. Njoo.

Mwanao,
Asha