Jina Langu kwenye Mtandao wa Jirani

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Pacha uwachukue shule saa tisa. Kompyuta usiiguse kabla hujamaliza kusoma hapa.

Asubuhi umelala fofofo, jirani yetu mwalimu kagonga mlango. Bando lake limekata katikati ya somo la mtandaoni, wanafunzi wake wakabaki hewani. Kaangalia orodha ya vifaa vilivyojiunga na mtandao wake, kakuta kimoja asichokijua: MAMA-PACHA. Mimi! Nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, naulizwa kama mwizi.

Kumbe jana ulipokuwa unaiwekea kompyuta mfumo mpya, ulipoulizwa mtandao gani, ulibonyeza wa kwake, kwa nywila aliyotusaidia nayo siku ya mtihani wa pacha. Wetu ulikuwa wa pili tu hapo chini! Ulipoulizwa kompyuta iitweje, ukaandika jina langu. Ikashusha masasisho mpaka ikalimaliza bando la watu. Aibu tupu. Unaiba, halafu unamwachia mkeo sahihi!

Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uufute ule wa jirani, unganisha wetu. Jina langu toa, weka lako.

~~Ukimaliza nenda kamwombe radhi.~~ Usiende. Niliona haya kukutaja, nikasema niliiunganisha mimi. Akanionea huruma, akasema: "Siku nyingine mwachie baba watoto, yeye ndiye anayejua haya mambo."

Mkeo,
Mama Pacha, yule wa kwenye orodha