Mzee Radjabu Anataka Kuloba

Gitega, 9 Juni 2009

Kwa Mama yangu mpendwa,

Assalam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeshapona kile kikohozi cha vumbi la sokoni, na goti nalo liwe limetulia tangu uanze kulikanda kwa maji ya chumvi. Sisi huku Gitega ni wazima. Mkweo Riziki anakuamkia shikamoo mbili, moja yake na moja ya mjukuu wako na wajina wako Pili, ambaye neno lenyewe bado linamshinda kulitamka. Mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi ya huku unaijua, na kazi ipo kiasi cha kutosha. Mimi sina la kulalamikia isipokuwa mgongo, nao umeshaizoea cherehani.

Utauliza mbona naandika na simu ipo. Mama, simu yako unaipenda kwa spika, na kila nikikupigia huwa naongea na soko zima la Muyinga. Mara ya mwisho muuza vitunguu alinijibu kabla yako. Jambo la leo nataka ulisome peke yako, umekaa, miwani machoni. Nitalisimulia tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nimegundua kwamba tangu Maulidi mimi na wewe tumekuwa tukizungumzia mambo mawili tofauti, kila mmoja akidhani ni moja.

Sina haja ya kukueleza Mzee Radjabu ni nani, wewe unayeuza kofia zako bega kwa bega na meza yake ya vitenge tangu alipokuja kutoka Kongo. Unajua pia kwamba huniletea mzigo huku mara kwa mara. Kawaida yake hushusha robota, hunywa chai, husifu mshono wangu hata pale unapostahili lawama, kisha huaga. Siku chache baada ya Maulidi alikuja, akashusha, akanywa, akasifu, lakini hakuaga. Alizunguka cherehani. Akashika mkasi, akaurudisha. Akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mwishowe akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyoingia sikioni mwangu:

“Zuberi, mi niko nataka kuloba na we. Lakini hapa iko makelele. Tutafute fasi iko kimya, sisi wawili tu.”

Sasa wewe na mimi tunajua kuloba ni nini. Marehemu Baba aliponipeleka Rumonge nikiwa mdogo, tulikwenda kuloba: uzi, ndoana, na subira, na tukarudi na ndagala wa kununua. Lakini Riziki, mtoto wa Tanga, alikuwa nyuma ya pazia, na yeye alisikia kuloga. Mgeni alipoondoka alinifuata ametoa macho, anataka kujua yule mzee wa watu anataka kumloga nani na kwa nini anitafute mimi wa kumsaidia. Nikamweleza kwamba kuloba ni kuvua samaki, na kwamba sisi wa huku tumewaachia watu wa pwani neno lao la kuvua, maana kwetu kuvua kunaanzia kwenye shati. Alicheka, lakini shaka haikumtoka.

Mimi nilifurahi kupita kiasi, nikubali tu. Wewe ndiye shahidi wa ugonjwa wangu, kwamba tangu utotoni nataka kujua yasiyonihusu. Na kwa miaka mingi kitu nilichotaka kukijua kuliko vyote ni kisiwa. Mtu wa Gitega amezungukwa na milima, na mlima hata ukiuchoka unaweza kuupanda ukatazama upande wa pili. Aliyezungukwa na maji je? Analalaje? Mbuzi wake akipotea anamtafutia wapi? Matata, yule dereva rafiki yangu anayepeleka mizigo Mwanza, alikuwa amenijaza kichwa habari za Ukerewe, kisiwa kikubwa katikati ya ziwa la Viktoria, chenye mji, machungwa, na sangara wa kubebwa na watu wawili. Kwa hiyo siku ile, kabla hajaondoka, Mzee Radjabu hakumaliza hata kujifuta jasho. Nilimwambia fasi ya kimya ninayo, tutakwenda Ukerewe.

Aliuliza kama ni lazima iwe juu ya maji. Nikamjibu kwamba kuloba pasipo maji ni kuloba gani. Akainamisha kichwa, akasema kwamba kama huku kwetu ndivyo inavyofanywa, basi sawa, yeye ni mgeni.

Tangu hapo kila alipofika tulikaa kupanga. Matata alituchorea njia kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo: Kobero, Ngara, Biharamulo, mpaka Mwanza, kisha meli ya kuvuka mpaka Nansio. Tukakubaliana mwezi wa saba, ili Ramadhani itukute tumerudi. Nilimwagiza mtu Bujumbura aniletee uzi na ndoana za sangara, kubwa, zile ambazo Riziki alisema zinafaa kuning’iniza nyama. Nikamtafuta mwenyeji wa kutukodishia mtumbwi.

Lakini Mama, maswali ya Mzee Radjabu yalinishangaza. Samaki hakuwauliza hata mara moja. Aliuliza maji ya huko yana kina gani. Aliuliza kama mtu anaweza kubaki ufukweni na bado akahesabiwa amefika. Aliuliza tukiwa majini nani mwingine atakuwepo kusikiliza. Siku moja nikamwuliza kwao Kongo hutumia chambo gani, yaani mtu afanye nini ili afanikiwe katika kuloba. Akafikiri, akanijibu kwa upole kwamba kinachotakiwa ni moyo safi na kusema kweli. Nikaona hii ni siri kubwa ya wavuvi wa Kongo, nikaenda kumwambia Matata, na Matata akaenda kuwaambia madereva wenzake. Safari iliyofuata alikuja na kanzu mpya nyeupe, akaniomba nimpunguzie mikono, anataka kuivaa siku ya mtumbwi. Nilitaka sana kujua ni mvuvi gani anayetoa utumbo wa samaki amevaa kanzu nyeupe, lakini adabu ilinizuia kuuliza.

Na wewe ukanipigia. Uliniuliza kama Mzee Radjabu ameshaongea na mimi. Nikasema ndiyo Mama, tumeongea, tumeelewana kabisa, tunakwenda kuvua samaki Ukerewe. Ukanyamaza. Nilidhani ni mtandao, nikawa naita halo, halo. Kisha ukasema Mungu awape heri, ukakata hata bila kumuulizia Pili, wewe ambaye hukati simu bila kumuulizia Pili. Ulipopiga tena ukaniuliza kama hakuna lingine lolote aliloniambia. Nikafikiri kwa bidii, nikakumbuka ile kanzu, nikakusimulia habari za kanzu. Leo nikiyakumbuka mazungumzo hayo natamani ardhi inimeze.

Mwezi uliopita Matata alipeleka mzigo Kirundo, akarudi na kisa. Amemkuta Mzee Radjabu kando ya ziwa Rwihinda, amewaomba wavuvi wamkalishe ndani ya mtumbwi uliofungwa kamba kwenye kigingi. Amekunja suruali, ameshika kingo kwa mikono miwili, macho amefumba, midomo inasoma dua. Walipomshusha alitapika, akanawa uso, kisha akaomba arudishwe tena. Matata alisimulia huku akicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuweza kucheka kwa udadisi. Mtu anayaogopa maji kiasi hicho, na ni yeye mwenyewe aliyeomba twende kuloba. Nani alimlazimisha?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja. Ndoana zilikuwa zimefika. Nilizimwaga mezani kwa furaha, na alipoziona alirudi nyuma mpaka chai ikamwagika kwenye kitenge cha watu. Hapo udadisi ukaishinda adabu.

“Mzee,” nikamwambia, “kama maji unayaogopa hivi, mbona uliomba tuende kuloba?”

“Mi sikuomba samaki,” akasema. “Samaki iko ya kwako.”

“Ulisema unataka kuloba na mimi.”

“Ndiyo. Koloba. Kwa Lingala koloba ni kusema. Nilikaa sana Kisangani, ile luga iliniingia mu kinywa. Mi nilitaka tuseme tu.”

“Tuseme nini?”

“Juu ya mama yako.”

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alinieleza kwamba alikuwa ameshakuuliza wewe kwanza, na kwamba ulimjibu hivi: moyo wako haukatai, lakini hakuna mwanamume atakayekaa mahali pa marehemu Uthmani kabla Zuberi hajaulizwa, na Zuberi akikataa basi yameisha. Akafunga safari mpaka hapa kuniuliza. Akafungua kinywa, nikampa kisiwa. Yeye akadhani ni desturi ya Burundi, mtoto wa mjane humpeleka mposaji majini, mahali ambapo hawezi kukimbia wala kudanganya, akampima huko. Aliona aibu kuuliza, asije akaonekana anaidharau mila ya watu waliompokea. “Nikajisemea,” akaniambia, “kama ni maji, basi ni maji.”

Nyuma ya pazia Riziki alianza kucheka, akatoka, akaketi sakafuni kwa kuishiwa nguvu. Akasema yeye alisikia kuloga, mimi nikasikia samaki, na mwenye maneno alitaka mazungumzo tu, kwamba Kiswahili chetu hiki siku moja kitaua mtu.

Mimi sikucheka. Mama, nitakuambia wazi, nilikasirika. Nilimwambia Mzee nimesikia, aende akapumzike kwa Matata. Nikarudi kwenye cherehani nikashona mkono wa shati nje ndani. Nilimwona Baba amekaa na redio yake sikioni, akitafuta habari kwa kugeuza ile swichi taratibu, nikaona kama kuna mtu anamwambia ainuke ampishe mwingine. Mtu mzima wa miaka yangu, na mtoto, na mke, nikalia kwa ajili ya kiti.

Baadaye nikamwuliza Riziki kama kukubali si kumkosea heshima marehemu. Hakufikiri hata kidogo. “Baba amepumzika,” akasema. “Mama hajafa, Zuberi.”

Ndipo nikaikumbuka ile simu, na ule ukimya niliodhani ni mtandao. Ulikuwa umeketi huko unangoja jibu la mwanao, na mwanao anakueleza sangara. Ulidhani nimeelewa na ninajificha nyuma ya samaki kwa sababu sitaki. Na hukunilaumu, hukuniuliza zaidi, ulituombea heri tu ukarudi kwenye kofia zako. Hilo liliniuma kuliko hasira yote. Nisamehe Mama. Sikukukatalia. Sikujua nimeulizwa.

Nimekaa na jambo hili siku hizi zote, na Mzee amebaki kwa Matata bila kunifuata wala kunitumia mtu. Nimetafuta kosa lake sijaliona. Mtu aliyetapika, akanawa uso, akaomba arudishwe tena kwenye mtumbwi, kwa kuwa alidhani ndiyo njia ya kufika kwako, mimi sina tena la kumpima.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Si ndiyo ya kushikwa mkono, ni yangu mwenyewe. Posa aipeleke Gasorwe kwa Mjomba Juma, maana walii wako ni yeye, na nimeshamtumia habari kwamba kwa upande wangu hakuna kinyongo. Jambo moja tu naomba mnivumilie: kumwita Baba sitaweza kwa sasa. Nitaendelea kumwita Mzee mpaka ulimi ukubali wenyewe. Nilimfikishia hilo tu kupitia Matata, kwamba iwe ndiyo iwe hapana nitamwita Mzee, akajibu kwamba kwa majina hana haraka, hata hilo la Radjabu watu wa Muyinga wanalitamka wapendavyo.

Ukerewe bado nakwenda, maana kisiwa sijakiona na ndoana zimeshanunuliwa. Nitakwenda na Riziki. Yeye anasema atavua, mimi niendelee kuloba, tuone samaki wanaelewa lugha ipi.

Nisalimie Mjomba Juma akifika, na majirani wote wa sokoni, na muuza vitunguu, umwambie kwamba hii moja hataisikia kwenye spika. Riziki anakuombea afya. Pili ameweka alama ya kidole chake hapa chini, ni mafuta ya maandazi, usidhani ni uchafu. Mungu akuweke, Mama, na akupe mwenza wa kunywa naye chai ya jioni.

Barua hii nimempa Mzee Radjabu mwenyewe aifikishe. Nimeibandika kwa gundi na sikumwambia kilichomo, kwa sababu niliona jibu analostahili ni la kutoka kinywani mwako. Ukimaliza kusoma utamkuta bado amesimama nje, maana huyu si mtu wa kupiga hatua mlangoni pa watu kabla hajakaribishwa. Mwambie aingie.

Mwanao,
Zuberi Uthmani