Sauti Nne Zilizobaki

Kaka Hamisi,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nakupa yetu. Mama anakula kidogo sana. Mimi nashona sare za shule kama kawaida, cherehani inakwenda lakini kichwa hakipo. Arobaini yako imepita. Khitma ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakaondoka, na nyumba ikawa kubwa mno kwa watu wawili.

Kuna jambo nilikuwa nalisubiri, na wewe peke yako ungelielewa: nilisubiri siku ambayo haitakuwa aibu tena kupiga kinanda chako cha mdomo. Ungewaona majirani zetu wa hapa Bagamoyo, msichana wa watu anapuliza muziki wa bluzi na nyumba ina msiba! Kilirudi ndani ya begi lako, siku walipotuletea vitu vyako kutoka kwenye lile lori lililopinduka Ubena. Wewe hukurudi mzima, chenyewe hakikuwa na hata mkwaruzo. Nilikichukia kwa hilo. Kisha nikaanza kukitamani, maana nilijua bado kina pumzi yako, na kwa sababu hiyo hiyo sikukigusa.

Mama alikigusa. Kabla ya kugawa nguo zako sadaka alifua kila kitu, kama inavyofanywa, asije mtu akapokea shati la marehemu likiwa na jasho lake. Alifua mashati, kofia, na ile suruali yenye madoa ya grisi. Na kinanda nacho akakitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, akakisugua, akachokonoa tundu moja moja kwa kijiti cha ufagio wa chelewa, akakianika juani pamoja na soksi zako. Niliporudi kutoka sokoni alinikabidhi kimefungwa kwenye leso safi. "Hiki sikigawi, ni chako," akasema. "Nimekitakatisha, mwanangu. Kilikuwa na mate yake."

Kaka, mimi nilikuwa nayataka yale mate. Nilisema ahsante, mama, nikaenda kulia bafuni.

Ubao wa katikati wa kinanda umevimba. Tundu la tatu, ukivuta, halitoi kitu. Nilikipeleka kwa fundi redio, akakifungua kwa bisibisi ndogo, akanionyesha: ule ulimi mdogo wa shaba unaotoa sauti umevunjika. Akaniambia vipya vinapatikana Dar, ningeagiza. Nikakifunga tena kwenye leso nikaondoka. Kipya cha nini, wakati wewe hukukipuliza?

Na kati ya matundu yote, likawa hilo! Unakumbuka ulivyokuwa unanifundisha, ukitoka safari na vumbi lako, hata kuoga bado? Wewe utingo uliyejifunza muziki kwenye simu, gari likisubiri mzigo pale Msata, ukaja kunitia na mimi wazimu wako. "Sauti tano tu, Zuhura. Ukiwa ndani ya hizo tano huwezi kupotea." Tundu la pili ukivuta, hapo ni nyumbani. La tatu unalipinda. La nne unapuliza, la nne tena unavuta, la tano unavuta, basi. Nikawa nataka nikariri wimbo wako wote, nawe ukanikatalia. Ukasema nikikariri nitakuwa kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nitembee nitakako, mradi nirudi nyumbani.

Lile la tatu lilinishinda muda mrefu. Ukilivuta hivi hivi linachekacheka. Ukilipinda, umeshusha ulimi kama unayetaka kumeza, sauti inateremka na kinanda kinalia. Mama alikuwa akiita kitu hicho filimbi ya walevi, lakini kinapofika pale pa kulia, alikuwa anaacha kukuna nazi. Hukuwahi kumwona, kwa sababu ulikuwa unafumba macho.

Sasa sikia. Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, mama yuko kwenye mbuzi yake anakuna nazi, mara akaniambia: "Zuhura, nipigie ile ya kaka yako."

Nikafungua ile leso huku nawaza. Nikikataa, ataona namnyima mwanawe. Nikipiga kama ulivyopiga wewe, patasikika pengo, naye ataniuliza kimepatwa na nini. Ningemwambiaje? Kwamba mikono ile ile iliyofua nguo zako ndiyo iliyoiua sauti yako? Angekufa na yeye.

Nikapiga kwa zile nne. Nilianzia nyumbani, nikaruka moja kwa moja hadi la nne, nikakaa huko, nikapuliza, nikavuta, nikagusa la tano, nikashuka tena nyumbani bila kukanyaga katikati. Nilikuwa natunga papo hapo. Pumzi ilishaizoea njia, ikawa inataka kupita pale pale, na mara moja ilipita kweli. Ukatoka upepo mtupu. Nikajikohoza upesi.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kifuu kimemkaa mkononi. Kisha akauliza, "Mbona hakilii?"

"Bado sijajua, mama."

"Kaka yako alijua."

"Ndiyo, mama. Yeye alijua."

Akarudi kukuna nazi. Nami nimechoka, kaka. Nina hasira na wewe, na dereva wako, na lile beseni, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumfokea.

Lala salama. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi nitaendelea kumpigia kila atakapotaka, na kila atakaponiuliza mbona hakilii nitajibu kwamba bado sijajua, hata niwe bibi kizee. Aniite mzito wa kufundishika, sawa tu. Bora aamini kwamba kile kilio ulikwenda nacho wewe.

Mdogo wako,
Zuhura